Wasiolia Watangulie

Mlango wa kuingilia hospitalini kwetu ulikuwa mmoja tu, na aliyeutawala alikuwa bwana mmoja wa makamo aliyerudi kutoka vita vya Burma akiwa na medali mbili, goti moja bovu, na imani isiyotikisika juu ya foleni. Wote tulimwita Koplo. Hata mkewe alimwita Koplo. Hospitali yenyewe ilikuwa majengo matatu ya matofali na bati, si mbali na stesheni ya Mpanda, na daktari tulimwona mara moja kwa juma, mvua ikiruhusu. Siku nyingine zote tulikuwa na mganga msaidizi, madresa wawili wa kufunga vidonda, karani, Koplo, na mimi.

Mimi niliajiriwa kufua mashuka na kuchemsha sindano. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, Mkonongo wa Inyonga, mke wa fundi wa reli, na darasa la nne langu la misheni nilikuwa nimelificha chini ya ndoo ya kufulia, kwa sababu hakuna aliyeliuliza.

Wagonjwa walifika tangu alfajiri, wakakaa kwenye benchi refu lililozunguka ukuta. Koplo alipita mbele yao na kifimbo kwapani. "Aliyetangulia katangulia!" alisema. "Aliyechelewa kachelewa!" Ukija na jino, ukija na kidonda, ukija na mtoto mgongoni, mahali pako palikuwa pale ulipofikia. Haukuwa ukatili. Koplo alikuwa ameona jeshini jinsi wakubwa wanavyoruka foleni na wadogo wanavyobaki na kiu, akaapa kwamba mlangoni kwake hapatakuwa na mkubwa. Siku moja mwanangwa, mkuu wa kijiji fulani, mtu wa kuheshimiwa, alijaribu kupita moja kwa moja. Koplo alimrudisha akamkalisha nyuma ya bibi mmoja aliyekuja na mbuzi wake kwa kukosa wa kumwachia. Mwanangwa alikaa, na mbuzi akalitafuna pindo la kanzu yake mpaka zamu yake ilipofika. Watu wa kawaida walimpenda Koplo kwa ajili ya mambo kama hayo.

Lakini siku moja alikuja mama kutoka Ilembo na mtoto kamfunga mgongoni. Akakaa alipoelekezwa. Pembeni yake kulikuwa na mtoto mwenye jipu aliyelia kwa nguvu hata benchi zima likamwonea huruma, na mtu akampa muwa. Yule wa mgongoni alikuwa kimya, tukadhani amelala. Zamu yao ilipofika karani aliuliza jina la mtoto, akaliandika kwa mwandiko wake mzuri, akauliza ukoo, akauliza kijiji, kisha akauliza, "Anaumwa nini?" Mama akafungua kanga. Mtoto alikuwa ameshakufa, tena si sasa hivi.

Koplo akaenda nyuma ya jiko, akakaa huko. Kesho yake alipiga kelele za foleni kuliko siku zote.

Miezi michache baadaye akashuka kwenye treni mwanamke mfupi mwenye sanduku la bati na mwavuli. Alitoka Pwani, na alikuwa muuguzi aliyesomea kazi yake hasa. Hakujitambulisha. Alikaa siku tatu kwenye benchi pamoja na wagonjwa, akitazama. Siku ya kwanza Koplo alimwambia asogee. Siku ya pili alimwambia akae vizuri, hii si kilabu ya pombe. Siku ya tatu karani alimwuliza anaumwa nini, akajibu, "Naumwa macho, kwa ninayoyaona." Karani akaandika: macho. Siku ya nne alikuja amevaa gauni jeupe na kofia, na Koplo akakumbuka ghafla kwamba goti linamuuma.

Sista, ndivyo tulivyomwita, alitukusanya sote chini ya kibaraza. Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno, chenye maneno ya adabu mengi, na ilituchukua muda kutambua kwamba alikuwa anatugombeza.

"Jamani," alisema, "mtoto anayelia anapumua, ana nguvu, na ana hasira. Huyo mwacheni alie. Wa kukimbiliwa ni aliyenyamaza. Kwa hiyo kila mtoto anayepita mlango huu ataulizwa mambo matatu, wala si kwa mdomo, kwa macho na mikono. Anapumuaje? Mikono yake ina baridi? Anamjua mama yake? Moja likiwa baya, hana foleni huyo."

Koplo akasimama. "Sista, samahani. Foleni ikivunjwa, jeshi limekwisha."

"Koplo," Sista akasema, "huko vitani, wakiletwa majeruhi wawili, mmoja kakatwa kidole na mwingine katobolewa tumbo, nani anabebwa kwanza?"

"Wa tumbo."

"Hata kama wa kidole ndiye aliyetangulia kufika?"

Koplo akashusha kifimbo.

"Na wa kidole akiwa ni sajenti?"

"Hata akiwa meja!" Koplo alisema.

"Basi sikubuni kitu mimi. Nakuomba ulete jeshi lako hapa mlangoni."

Koplo akapiga saluti. Na hapo ndipo taabu zetu zilipoanza, maana Koplo hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu.

Kwanza alichukua chokaa akachora mstari mweupe kutoka mlangoni mpaka kwenye meza ya matibabu. Mstari ule ulikuwa njia ya mtoto mahututi, na mtu mwingine haruhusiwi kuukanyaga. Mganga msaidizi, bwana mzima na suti yake, alikuwa anauruka na sinia la dawa mkononi. Kuku wa mpishi walifukuzwa. Pili, alitugawia maneno. Yeye akimwona mtoto aliye hali mbaya atapiga kelele, "Mtotooo!" na kila mmoja ajibu kwa kazi yake. Mimi nilijibu "Meza!" huku naifuta. Dresa wa kwanza alijibu "Sindano!" na wa pili "Maji!" Karani alitakiwa ajibu, "Jina baadaye!"

Neno hilo lilimchoma karani kama mwiba. Alikuwa Mfipa mnene, mpole, mwenye kuamini kwamba mtu asiyeandikwa hajafika. Kila akilisema alifumba macho.

Sista akaagiza tufanye mazoezi kila Jumanne asubuhi, kabla ya kufungua mlango. Juma la kwanza mtoto wetu alikuwa kiroba cha mchanga. Tulikibeba vizuri, tukakilaza kiubavu kama tulivyofundishwa, tukakifuta kwa kitambaa cha maji. Sista hakuridhika. "Mchanga haurushi miguu," alisema. "Nataka mtoto mwenye degedege." Tukatazamana. Madresa walikuwa na kazi zao, mimi nilikuwa na meza, Koplo alikuwa na goti. Alibaki karani.

Alikataa kwa hoja nyingi, Sista akamsikiliza zote, kisha akamwambia apande mezani. Mwanzo alirusha miguu kwa aibu. Koplo akamkaripia, "Hiyo ni degedege au unafukuza nzi?" Karani akakasirika, akairusha kikwelikweli, akageuza macho, akakaza shingo, na meza ikaanza kulia. Mimi nikamfuta uso. Dresa akamkazia mkono. Koplo akapaza sauti, "Kiubavu! Mlaze kiubavu! Asimeze ulimi!"

Wakati huohuo mama mmoja aliyekuwa akituuzia ndizi akachungulia dirishani.

Hakuuliza. Aliliacha kapu palepale akaenda zake sokoni mbio, na sisi tukaendelea na zoezi kwa furaha, maana lilikuwa limefana. Tulikuwa tumeshamaliza na karani anakunywa chai kibarazani tuliposikia vilio kutoka upande wa soko. Walikuja wanawake kundi zima, mbele yao mke wa karani amefunga kanga kiunoni, analia kwa Kifipa, na nyuma wanawake wawili wamebeba unga na kuni za matanga. Alipofika kibarazani akamwona marehemu ana kikombe mkononi.

Kilio kilikatika kama uzi. Akamtazama mumewe juu mpaka chini.

"Nimelia njia nzima," alisema. "Nimegaagaa sokoni mbele za watu. Na wewe unakunywa chai?"

"Mke wangu, nilikuwa mtoto tu," karani akasema, na hilo halikusaidia.

Wale waliobeba unga walibaki wanaulizana waurudishe au la, mpaka bibi kizee mmoja akaamua: unga wa msiba haurudi nyumbani. Ukapelekwa jikoni. Siku ile wagonjwa wetu walikula ugali mpaka wakaomba mapumziko. Karani hakusemeshwa na mkewe kwa siku kadhaa, na kwenye mazoezi yaliyofuata tulirudia kiroba.

Baada ya muda habari zikaenea vijijini kwamba kwa Koplo, mtoto asiyelia ndiye anayetangulia. Akina mama si wajinga. Asubuhi moja nilifika kazini nikadhani hakuna mgonjwa, kumbe benchi limejaa na watoto wote kimya kama wako kanisani. Wengine walikuwa wamezibwa kwa ziwa, wengine kwa muwa, wengine kwa vitisho walivyonong'onezwa masikioni. Mama mmoja alikuwa amembeba mwanaye mkubwa wa miaka saba au minane, miguu inaburuza chini, ulimi nje, macho yameelekezwa darini.

Koplo akamsogelea. Akatazama kifua, kinapanda na kushuka vizuri. Akashika mikono, ina joto. Kisha akainama sikioni mwa mtoto akasema kwa upole, "Dresa, hebu lete ile sindano ya ng'ombe."

Mgonjwa akafufuka. Alipita juu ya mapaja ya watu wanne, akatoka mlangoni, na mume wangu aliniambia jioni kwamba waliona mtoto anavuka reli kwa mbio ambazo hata treni yetu haikuwa nazo.

Tulicheka sote isipokuwa Sista. Alimkalisha yule mama, akamwuliza kwa nini. Mama akasema, "Nimetembea tangu jana, nina mwingine mgongoni." Kweli, mgongoni alikuwa na mtoto mchanga, na huyo mtoto alikuwa akipumua kwa kasi, mbavu zinaingia ndani. Mama alikuwa amemwona mkubwa ndiye wa kuigiza, asijue kwamba mdogo hakuhitaji kuigiza. Mstari wa chokaa ukatumika palepale. Baadaye Sista akatuambia, "Msimkasirikie anayewadanganya. Afadhali tukimbie bure kila siku kuliko kukaa siku moja." Koplo alikubali, ingawa mwenye goti bovu alikuwa yeye.

Sasa nifike kwenye siku ya Bwana Mkubwa.

Ililetwa barua kwamba atakuja mkaguzi kutoka Tabora, kwa sababu imesikika huko kuwa katika hospitali yetu watu wanatibiwa bila kuandikwa majina. Tulijiuliza ni nani aliyepeleka maneno hayo. Karani alikohoa sana siku ile.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mrefu, mrefu kuliko mlango wetu, mwenye kaptula iliyopigwa pasi na soksi za magotini. Alifika asubuhi. Koplo alivaa medali. Mgeni alikagua madaftari, akakagua jiko, akakagua dari ya chumba cha matibabu, ambapo mchwa walikuwa wameila boriti yenye ndoano ya kutundikia chupa za maji ya mshipani, ndoano ikadondoka juma lililotangulia. Kisha akasimama katikati ya chumba ili aandike. Alisimama juu ya mstari wa chokaa. Koplo aliona. Nilimwona anavyoteseka.

Mara zikaingia uani baiskeli mbili kutoka Kabungu. Ya kwanza iliendeshwa na baba, mama kakaa nyuma na mtoto mapajani. Ya pili iliendeshwa na mjomba, na juu ya keria alikaa bibi kizee, ameshika fundo la nguo kifuani. Koplo alimtazama mtoto hata kabla baiskeli haijasimama.

"Mtotooo!"

"Meza!" nikajibu.

"Sindano!"

"Maji!"

Karani, mbele ya mkubwa wake, akafumba macho: "Jina baadaye!"

Koplo alikuja mbio na mtoto mikononi, akamkuta Bwana Mkubwa bado yuko kwenye mstari. Hakupunguza mwendo. Alimsukuma kwa bega. "Pisha njia!" alisema, na Bwana Mkubwa akapisha mpaka ukutani.

Mtoto, msichana wa miaka kama mitatu, alikuwa na degedege, kwelikweli kama alivyoigiza karani, ila huyu hakuwa na aibu wala hasira. Mwili ulikuwa moto kama jiwe la jikoni. Tukamlaza kiubavu. Mama alikuwa amemtia kijiko katikati ya meno. Sista akakitoa polepole. Akatafuta mshipa, akaupata mara ya pili, akaning'iniza mpira, na bila kugeuka akainua chupa kwa mkono wa nyuma akampa mtu aliyekuwa mrefu zaidi chumbani.

"Shika. Juu. Usiishushe."

Mtu huyo alikuwa Bwana Mkubwa. Akaishika.

Hapo bibi kizee akafika mlangoni. Koplo alijaribu kumzuia, akashindwa. "Nyie!" bibi alipiga kelele. "Degedege haichomwi sindano! Mkimchoma mnamuua! Nani asiyejua?"

Mama wa mtoto akaanza kulia, baba akasogea kama anataka kumchukua mwanaye. Ningekuwa mimi ningebishana. Sista hakubishana. Mikono yake iliendelea na kazi, ila sauti ikalegea.

"Shikamoo bibi. Kwenu mnaitibu kwa nini?"

Bibi hakutegemea swali. "Marahaba. Tunafukiza mavi ya tembo."

"Unayo?"

Bibi akalifungua lile fundo. Alikuwa nayo, ya kutosha kijiji kizima.

"Basi bibi yangu, wewe fukiza pale nje, chini ya dirisha, mimi nimtibu humu ndani. Tusaidiane."

Bibi alifikiri. Lilikuwa jambo la haki. Akatoka, mpishi akampa kaa la moto, na muda si mrefu moshi mzito ukaingia dirishani, ukapita juu ya mtoto bila kumgusa, ukaenda moja kwa moja usoni kwa Bwana Mkubwa, ambaye urefu wake ulikuwa sawasawa na njia ya moshi.

Machozi yakamtoka. Akakohoa. Soksi moja ikashuka. Lakini mkono, nasema kweli, mkono haukushuka. "Sista," akauliza kwa Kiswahili chake cha bara, "mimi nashika hii mpaka saa ngapi?"

"Mpaka iishe," Sista akajibu. Nadhani hadi hapo Sista hakuwa amegeuka kuona ni nani aliyeishika.

Alikuwa ameshachoma kwinini na dawa ya kutuliza mishtuko, lakini mtoto hakuamka. Macho yalitazama pembeni, mikono baridi. Sista akaninong'oneza, "Mwili umeishiwa sukari. Lete ile sindano kubwa." Nikaileta, nilikuwa nimeichemsha mwenyewe. Akasukuma maji ya sukari taratibu kwenye mshipa. Nilianza kusali kwa Kikonongo, na nilipofika katikati yule mtoto akavuta pumzi ndefu, akakunja uso, akatutazama mmoja mmoja, hakumpenda yeyote, akalia.

Alilia kwa nguvu zote za Kabungu. Mama akaanguka magotini. Koplo aligeukia ukuta akajifanya anafuta medali. Nje dirishani bibi akapaza sauti, "Si niliwaambia?"

"Sasa jina?" karani akauliza kwa sauti ndogo.

"Sasa andika," Sista akasema.

Baba aliulizwa jina la mwanaye, akafungua mdomo, likamtoroka kabisa kwa woga. Bibi akatoa majina matatu kwa mpigo kupitia dirishani, ya mababu. Karani aliyaandika yote, kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote, na mkaguzi, chupa bado iko juu mkononi, akimtazama anavyoandika.

Yule mtoto aliondoka baada ya siku nne. Kwa siku mbili za mwisho alikataa uji akidai ugali, na alimwogopa kila aliyevaa nyeupe.

Barua ilikuja baada ya majuma kadhaa pamoja na kreti kwenye treni. Karani aliisoma kwa sauti. Ilisema madaftari yako safi. Kwamba katika hali ya hatari jina laweza kuandikwa baadaye. Na kwamba hospitali inaletewa stendi mbili za chuma za kutundikia chupa, ili wageni wa serikali wasitumike tena kwa kazi hiyo. Stendi moja ilifika bila miguu. Mume wangu aliiungia vyuma kwenye karakana ya reli, ikawa nzito kuliko kitanda.

Sitaki mtu adhani kwamba tangu hapo hawakufa watoto. Walikufa. Mvua zilizofuata surua iliingia, na kuna siku mstari wa chokaa ulikanyagwa mpaka ukafutika, na si wote tuliowabeba walirudi makwao. Sista hakuturuhusu kusema "Mungu kapenda" tukatawanyika. Alitukalisha kwanza, tukaulizana: tulichelewa wapi? Mara nyingi jibu lilikuwa dogo na la aibu, sindano iliyokuwa haijachemka, mlango uliozibwa na mtu. Kesho yake tulilirekebisha. Mimi kazi ile ya kuchemsha sindano, niliyodhani ni ya mtu asiye na kazi, nilianza kuifanya kabla jua halijatoka.

Sista alihamishwa mwaka wa tatu, akapanda treni na sanduku lake na mwavuli. Macho ya Koplo nayo yalianza kuingia ukungu, na kabla ya kuondoka Sista alikuwa ameagiza kwamba mlango niushike mimi, kwa kuwa alikuwa amelivumbua darasa la nne langu. Koplo hakufurahi. Aliweka kigoda pembeni yangu akakaa, kifimbo kwapani, kunisikiliza.

Siku ya kwanza aliletwa mtoto aliyelegea, shingo haishiki. Nikatazama kifua, nikashika mikono, nikamwita hakunitazama. Nikasema, "Mtoto."

Koplo akageuza uso wake upande wangu. "Binti yangu," alisema, "unawapa taarifa, au unaomba chumvi kwa jirani?"

Nikavuta pumzi, nikapiga kelele ambayo mume wangu anadai aliisikia karakanani, na nyuma yangu wote wakaanza kukimbia.